Ukiwakata wanaongezeka: jibu kwa mwalimu wa Shangani

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, naishi Shangani, Mtwara. Nina tangi la maji ya bahari la lita 240, huu mwaka wa pili. Ndani mna samaki wanne wadogo, konokono kadhaa, kamba mmoja na matumbawe laini. Tangu mwezi wa tatu vimeota vimaua vya kahawia vyenye mikono mirefu. Vilianza viwili, kwenye jiwe nililookota Msimbati. Sasa nimehesabu zaidi ya arobaini. Nilivikwangua kwa kisu, vikazidi. Matumbawe yaliyo jirani navyo yamenywea. Chakula nawapa uduvi mara tatu kwa siku. Shemeji yangu ni mkulima wa korosho, ananiambia nitie matone machache ya dawa anayopulizia mbu wa mikorosho. Rafiki mwingine anasema nitoe mawe yote niyachemshe. Nifanyeje? Tena usiku nasikia kitu kinagonga "ta!" ndani ya tangi. Ni nini hicho?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Kwanza kabisa, dawa ya shemeji ibaki shambani na sufuria ibaki jikoni. Hata ukiishia kusoma hapa, shika hayo mawili.

Nianze na sufuria, maana ndiyo inayoweza kuleta msiba. Ukienda ufukweni maji yakiwa yamekupwa utaona juu ya miamba vitu kama vifungo vya koti vimebanana, vya kahawia au kijani, laini ukivikanyaga. Hao ni zoantidi, ndugu wa matumbawe. Baadhi yao wana sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zinazojulikana kutoka kwa viumbe hai. Ukichemsha jiwe lenye zoantidi, au ukalimwagia maji ya moto ukiwa ndani ya nyumba, sumu hupanda na mvuke na nyote mliomo mnaivuta. Huko Ulaya na Marekani familia nzima zimelazwa kwa homa, kikohozi na kushindwa kupumua, kisa jiwe la tangi la samaki. Jiwe lako limetoka baharini, na huwezi kuapa kwamba halina hata zoantidi mmoja kwenye ufa. Kwa hiyo usilichemshe.

Shemeji naye ana nia njema. Lakini dawa nyingi za mbu wa mikorosho ni za jamii ya pairethroidi, ambazo huua samaki na jamii ya kamba kwa kiasi kidogo mno. Tone moja unaloliona dogo, kwa kamba wako ni kiama. Mrututu nao usiutie, endapo mwingine atakushauri. Shaba iliyomo huua konokono, kamba na matumbawe, kisha hunywewa na mawe na mchanga na kuendelea kuvuja taratibu kwa miezi. Nimewahi kuona tangi la mtu lililotiwa mrututu likakaa mwaka mzima halishiki konokono.

Sasa tumtambue mgeni. Kwa maelezo yako nina hakika ya kutosha kwamba ni anemoni, mnyama laini wa bahari aliye kama ua, aitwaye aiptasia, ila umhakiki. Chukua kijiti cha mshikaki umguse polepole. Aiptasia ana shina jembamba, mikono mirefu inayopungua hadi ncha kali, na rangi ya chai ya rangi iliyozidi maji. Akiguswa hujivuta wote tunduni kama kichwa cha kobe. Ukikuta mwenye mikono mifupi minene iliyovimba ncha, huyo ni anemoni wa aina nyingine, lakini dawa yao ni moja. Ukikuta kitu kama kifagio cha manyoya kinachochomoza kwenye mrija na kupotea kufumba na kufumbua, huyo ni mnyoo wa mrija. Hana kosa, anachuja maji yako bure. Nimeona watu wakiwaua minyoo wa mrija kwa mamia na kuwaacha aiptasia wakistawi pembeni.

Kwa nini kisu kiliwaongeza? Mwalimu, wewe ni mtu wa kusini, umeona muhogo unavyopandwa. Unakata pingili, unafukia, unaondoka. Basi ulichofanya ndani ya tangi ni kilimo cha muhogo. Mguu wa aiptasia ukichanika, kila kipande kilichobaki juu ya jiwe, hata kikiwa kidogo kuliko kichwa cha kiberiti, huota mdomo na mikono na kuwa anemoni kamili. Wala hangoji kisu chako. Akihama mwenyewe kwa kuteleza juu ya jiwe huacha nyuma vipande vya mguu, na kila kipande ni mtoto. Na vipande ulivyokwangua vikaelea, pampu imevisambaza kila kona.

Mimi nilijifunza hayo kwa gharama. Tangi langu la kwanza, Lindi, nilimwona mmoja tu kwenye kona, nikachukua bisibisi na kumsugua mpaka nikaona jiwe jeupe. Nikajipongeza. Baada ya wiki sita walikuwa juu ya kioo, ndani ya chujio, kwenye waya wa hita, na mmoja alikaa katikati ya mdomo wa pampu kama mlinzi wa geti. Nilikuja kuvunja tangi lote.

Utafikiria labda kuzima taa wiki nzima wafe njaa. Hawafi. Ile rangi ya kahawia ni mwani wa hadubini unaoishi ndani ya mwili wao na kuwapikia sukari kwa mwanga wa taa, sawasawa na ulio ndani ya matumbawe. Giza likidumu muda mrefu aiptasia huupoteza akawa mweupe, lakini anaendelea kuishi kwa kukamata chakula, ilhali matumbawe yako yatakuwa yameshakufa. Wanasayansi wamempenda kwa ugumu huohuo. Maabara nyingi zinazochunguza kwa nini matumbawe hupauka bahari ikipata joto humfuga aiptasia kama wengine wanavyofuga panya weupe. Anayekunyima usingizi wewe, kwingine analishwa kwa ratiba.

Tiba ninayokupa ya kwanza ni chokaa, na unaijua vizuri kuliko unavyodhani. Ni ileile kalsiamu haidroksidi ya maabara ya shule, mnayotengenezea maji ya chokaa, mwanafunzi akayapuliza kwa mrija yakageuka maziwa. Ununue yako lakini, usije ukaniponza kwa mkuu wa shule. Chokaa ya kupaka ukuta usiitumie, huchanganywa na mengine usiyoyajua. (Nyumba za kale za Mikindani zimesimama kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Leo chokaa inarudi kuyatetea matumbawe, nami hunichekesha kila nikiikoroga.)

Weka vijiko viwili vya chai kwenye kikombe, tia maji safi yaliyochujwa kidogo kidogo, koroga mpaka upate uji mzito lakini unaopita kwenye bomba la sindano. Tengeneza wa siku hiyo tu. Ukiuacha wazi, hewa ukaa inaugeuza kuwa chaki, kama pumzi ya mwanafunzi wako, na chaki haimchomi mtu. Vaa glavu na miwani ya maabara, maana uji huu ni babuzi. Ukikurukia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali. Watoto wasiwe karibu.

Nunua duka la dawa bomba la mililita 5 lenye sindano nene, uikate ncha kali. Zima pampu zote, subiri hadi chembe zinazoelea zianze kushuka zenyewe. Vuta uji mililita mbili. Sasa usimwendee moja kwa moja. Loweka punje moja ya uduvi, iachie kwa koleo juu ya mikono yake. Mikono itajikunja kuelekea kati, na pale katikati utaona mpasuko mdogo ukifunguka. Huo ndio mdomo. Sogeza ncha kutoka juu taratibu, kivuli cha mkono wako kisimpitie, na dondosha uji juu ya mpasuko. Humeza kabla hajajua anachomeza. Kisha anashtuka na kujivuta, nawe unamfuata: jaza tundu lote mpaka ubaki na kifuniko cheupe juu yake. Wengine huacha tone moja mdomoni wakadhani kazi imekwisha, halafu mguu ulio chini ya tundu unaota upya. Chokaa imguse mguu. Ukiona nyuzi nyeupe nyembamba zikitoka ubavuni mwake, usiogope, hizo ni nyuzi za sumu anazozitoa akizidiwa.

Acha maji yametulia dakika kama 20, ndipo uwashe pampu. Donge jeupe usilitifue, kesho yake lifyonze kwa mrija mwembamba. Na kazi hii usiianze siku ambayo umeme unakatika-katika. Chokaa ikishamaliza kazi yake unahitaji maji yazunguke, na hapo ndipo samaki watakuwa wanahitaji hewa zaidi.

Usiwamalize wote arobaini jioni moja. Chokaa hupandisha pH ya tangi zima, na matumbawe hayapendi kupandishwa ghafla. Katika tangi la lita 240 mimi sizidi anemoni wanane kwa mara moja, kisha napumzika siku tatu. Pima pH kabla na baada, ikikaribia 8.5 simama, hata kama bomba bado limejaa. Kila baada ya awamu mbili badilisha maji asilimia 10 hadi 15. Maji ya baharini uyachote wakati yanajaa, mbali na bandari, na siyo siku mbili tatu baada ya mvua kubwa maana chumvi hushuka. Chumvi yake ifike sehemu 35 kwa elfu kwenye refraktometa, kile kifaa cha kupimia chumvi, na uyatunze gizani kwenye pipa lenye kifuniko kabla ya kuyatumia.

Ndimu? Inafanya kazi, kwa asidi badala ya besi, ila lazima uichome ndani ya mwili wake, na mwenye mkono unaotetemeka atakosa. Gundi ya supa inafaa kuziba tundu la mmoja aliyejificha ufani. Hapo mara nyingi anatokea upande wa pili baada ya wiki, na unaanza naye upya.

Yale mawe yasiyo na tumbawe hai juu yake, na hasa lile la kwanza, usihangaike kuyatibu moja moja. Ukiwa na glavu na miwani, yatoe nje, yaanike juani wiki tatu au nne mahali ambapo watoto na kuku hawafiki. Jua la Mtwara halimwachi mtu. Usitoe zaidi ya theluthi moja ya mawe kwa wakati, kwa sababu bakteria wanaosafisha maji yako wanaishi ndani ya vitundu vyake, na ukiwatoa wote amonia itakuulia samaki kabla ya aiptasia. Jiwe likikauka lina mizoga ndani, kwa hiyo kabla ya kulirudisha liloweke kwenye ndoo ya maji ya bahari yenye pampu ndogo, hadi kipimo cha amonia na nitraiti kisome sifuri. Hiyo huchukua wiki kadhaa.

Najua utauliza kuhusu mnyama wa kumla aiptasia. Kusini tunalielewa wazo hilo: mkulima wa korosho mwenye maji moto wengi mikoroshoni hana haja kubwa ya bomba la dawa, kwa sababu sisimizi hao wa juu ya miti wanawinda mbu wa mikorosho na wadudu wengine wafyonzaji. Kwa tangi pia wapo. Kuna koa mdogo wa bahari aitwaye berghia ambaye hali kitu kingine chochote ila aiptasia, akimaliza anakufa njaa. Kuna kamba mwekundu mwenye mistari anayewala wadogo. Lakini wote wawili wanaouzwa kwa kazi hiyo asili yao ni upande wa Atlantiki. Kuwaleta Mtwara ni gharama na hatari, na wakitoroka na maji ya kumwaga siwezi kukuambia watafanya nini katika bahari yetu. Samaki wa kipepeo wa pwani yetu, kama yule mwenye uzi mgongoni, huwadonoa kweli. Tatizo ni kwamba hufikia sentimita 20 na zaidi, tangi lako ni chumba kidogo kwake, na akimaliza aiptasia anahamia kwenye matumbawe yako. Mimi nisingemweka.

Zaidi ya chokaa kuna jambo ambalo hukulitilia maanani wewe mwenyewe, ijapokuwa umeliandika: uduvi mara tatu kwa siku. Samaki wanne wadogo! Mwalimu, hao hawali hivyo hata kwenye sikukuu. Kinachobaki kinaingia kwenye mikono ile arobaini. Wape mara moja, kiasi kinachoisha kabla hujamaliza kuhesabu hadi sitini, na uduvi uuoshe kwanza kwenye chujio la chai, utoe yale maji ya maziwa. Siku moja kwa wiki usiwape kabisa. Chokaa bila kupunguza chakula ni kufagia huku mtu anamwaga mchanga mlangoni. Nimeona matangi ambayo aiptasia walibaki wawili watatu kwa miaka bila kuongezeka, na mwenyewe hajawahi kugusa bomba, kwa vile tu hakuna kinachobaki cha kula.

Na usitarajie sifuri. Wiki ya nne hadi ya sita utaona watoto wapya, wadogo kama punje ya ulezi, kwenye sehemu ulizodhani zimeisha. Hao ni mabaki ya kile kisu. Wapige mapema wakiwa wadogo, tone moja linatosha. Chukua kalamu ya wino na uweke alama nje ya kioo mbele ya kila uliyemtibu, kwa tarehe. Bila hivyo utamtibu mmoja mara tatu na kumsahau jirani yake.

Kuhusu Msimbati sitakugombeza sana, maana umeandika kwa uaminifu. Ila eneo lile limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Jiwe haliokotwi mle bila kibali, hata likionekana limekufa. Miamba ya pwani hii imepigwa baruti vya kutosha. Ukihitaji mawe zaidi, tafuta yale ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu kwa ujenzi. Yaoshe na kuyaloweka wiki mbili tatu. Ni mepesi, yana vitundu, na hayaji na wageni. Wala usirudishe baharini kitu chochote kutoka kwenye tangi, si jiwe, si maji, si samaki aliyekua.

Imebaki ile "ta!" ya usiku. Yaweza kuwa mmoja kati ya wawili, na wote hufika ndani ya mawe. Wa kwanza ni kamba mdogo mwenye gando moja kubwa, analifunga kwa nguvu mpaka linatoa mlio kama kijiti kikavu kinavyovunjika. Huyo mwache, anachimba mchanga tu. Wa pili ni jamaa ya kamba anayepiga kwa ngumi, macho yake juu ya vijiti yakizunguka kila moja upande wake. Huyo huvunja konokono na kaa, na siku akikosa hao atamgeukia kamba wako. Kwa hiyo hesabu konokono kesho asubuhi. Ukikuta magamba matupu yaliyopasuliwa, unaye wa pili.

Mtegee dema. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, kata shingo, igeuze iingie ndani kama mdomo wa dema la wavuvi, funga kwa uzi wa mshipi, usiache nafasi ya mtu kupita pembeni. Weka kipande cha kamba mbichi na kokoto moja ya kuizamisha, ilaze karibu na tundu unalosikia mlio, kisha zima taa ukalale. Ukimkuta ndani alfajiri, toa chupa nzima uiweke kwenye ndoo yenye maji ya tangi, na usimshike kwa mkono hata awe mdogo kama kidole chako cha mwisho: ngumi yake huchana ngozi. Mpe ndoo yake na jiwe lake, uwaonyeshe wanafunzi.